Nabii Mwanamke na Mikono ya Wazee

Hapa Kadutu Wakatoliki na Waadventisti wanaishi ukuta kwa ukuta. Siku ya posho wao wanakwenda kusali. Siku ya Mungu sisi tunakwenda Misa. Katikati ya siku hizo mbili kuna kitabu kinachopita toka mkono hata mkono: Pambano Kuu. Sisi mapadri tukikifungua, tunatafuta upesi kurasa zinazomsema vibaya Papa, tunakasirika, tunakifunga. Swali lenye faida zaidi tunaliacha: ni nani aliyekiandika? Ni mwanamke.

Ellen White alizaliwa 1827 katika Maine, kule Marekani. Alikuwa kijana bado wakati wafuasi wa William Miller walipomngojea Kristu arudi tarehe 22 Oktoba 1844, wasimwone. Katika uchungu ule lilizaliwa kundi ambalo mwaka 1863 lilijipanga kuwa Kanisa. Maono ya mwanamke huyu yakawa nguzo yake moja. Toka 1871 viongozi walimpa hati ya wachungaji, lakini hata kufa kwake, 1915, hakuna aliyemwekea mikono.

Mwaka 1881 shauri la kuwawekea wanawake mikono lilifika mbele ya mkutano wao mkuu. Lilipelekwa kwa kamati, likalala huko. Baada ya miaka mia moja na zaidi liliamka. Katika Indianapolis, 1990, sauti 1173 zilikataa, 377 zikakubali. Katika Utrecht, 1995, waliuliza kama kila sehemu ya dunia inaweza kujiamulia yenyewe: 1481 walikataa, 673 wakakubali. San Antonio, 2015, swali kama hilo lilirudi: 1381 juu ya 977.

Tupime sasa maneno yao kwa haki. Kwao kuwekea mikono si Sakramenti. Ni alama kwamba Kanisa limetambua mwito ambao Mungu amekwisha kutoa. Basi, wanawake wao wanahubiri, na katika sehemu fulani wanaruhusiwa kubatiza na kufungisha ndoa. Kama kazi wanayo, na mwito umekubaliwa, alama inakosa nini? Wengine wao wanajibu kwamba nabii anaitwa na Mungu peke yake, lakini mzee anawekwa kwa kufwata taratibu ya Kanisa. Ni zawadi mbili, si moja. Jibu hilo lina uzito. Lakini halielezi kwa nini mchungaji aliyekwisha kupewa kazi ananyimwa alama ya kazi yake. Na hesabu ya sauti haiwezi kufundisha jambo ambalo hoja haijalifundisha.

Ndugu wafratri, msicheke. Zawadi mbili hizo sisi pia tunazijua. Mtakatifu Katarina wa Siena hakuwa padri, lakini alimwonya Papa Gregori XI arudi Roma toka Avignon. Na Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Eklezia mwaka 1970. Yule anayesema, “Ametoa unabii, basi awe padri,” anakosea. Na yule anayesema, “Si padri, basi anyamaze,” anakosea vilevile. Hapa Kadutu kosa la pili ndilo tunalolisikia zaidi katika vinywa vya Wakatoliki.

Eklezia yetu haikupiga kura. Mwaka 1994 Yohane Paulo II alitangaza kwamba Eklezia haina uwezo wa kuwapa wanawake upadri, kwa sababu Kristu aliwachagua wale Kumi na Wawili na mapokeo hayakubadilika. Kila mfratri ajue kulieleza hilo sawasawa. Asiseme kamwe kwamba mwanamke hana akili, ama si safi. Maneno hayo hayatoki kwa Eklezia. Yanatoka kwa kiburi chetu wanaume.

Tena kuna mlango ambao umefunguliwa. Tarehe 10 Januari 2021 Papa Fransisko aliwaruhusu wanawake wapewe huduma ya msomaji na ya akolito. Tarehe 10 Mei mwaka uleule alianzisha huduma ya katekista, kwa wanaume na wanawake, inayotolewa na Askofu katika liturjia. Tutazame basi mashirika yetu. Ni nani anayewatembelea wagonjwa juu ya mlima wakati wa mvua? Ni nani anayewafundisha watoto sala? Ni nani anayejua nyumba ambayo haijapika toka jana? Ni wamama. Kazi wanayo. Mikono ya Askofu wameipata wangapi?

Basi tunawaomba mapadri na makatekista: someni barua hizo mbili pamoja na baraza la parokia, halafu andikeni majina ya wamama wanaofaa, mkayapeleke kwa Askofu. Mlango ambao Papa Fransisko aliufungua, tusiurudishe sisi kwa uvivu. Waadventisti wana nabii mwanamke, na hawajajua mahali pa kuwaweka mabinti zake. Sisi mahali tumekwisha kuonyeshwa. Tukipaacha patupu, hatutakuwa na la kujitetea.