Jinsi ya Kuitambua Picha Bora ya Herufi

Picha iliyopangwa kwa herufi hutazamwa mara mbili. Ukiwa mbali, uso, paka au meli vijitokeze bila wewe kuambiwa ni nini. Ukisogea karibu, kila alama iwe na sababu ya kukaa pale ilipo. Picha nyingi hufaulu mtihani wa kwanza; wa pili ndio unaochuja.

Vifaa vya fani hii ni vichache. Mfumo wa herufi za kompyuta uitwao ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963 na baadaye kuongezewa herufi ndogo, una alama 95 tu zinazochapika, nafasi tupu ikiwemo.

Anza na uwiano. Katika fonti za upana sawa kama Courier, kila alama hukaa ndani ya kisanduku ambacho urefu wake unakaribia mara mbili ya upana. Programu ya kugeuza picha kuwa herufi isiyozingatia hilo hurefusha nyuso za watu. Tafuta duara lolote: gurudumu, mboni ya jicho, mwezi. Likiwa limegeuka yai, usiendelee.

Kisha pima kivuli. Ngazi ya weusi huanzia nafasi tupu, ikapita nukta, nukta pacha (:), alama ya kujumlisha (+) na alama ya reli (#), hadi @. Shavu likiangaziwa upande mmoja, weusi uongezeke kwa utaratibu, usiruke ghafla. Mwaka 1966, Ken Knowlton na Leon Harmon wa Bell Labs walitumia kompyuta kugeuza picha ya mwanamke aliyelala kuwa alama ndogondogo zilizopangwa kwa kadiri ya weusi wake. Kwa karibu unaona alama tu. Ukirudi nyuma, mwili unatokea.

Ubingwa wenyewe uko kwenye kingo. Programu inayopima weusi pekee huona kila kisanduku kama doa moja, kwa hiyo mistari ya mshazari hutoka na vidato. Msanii wa mkono hutazama umbo la alama na mahali wino wake ulipo: mkato hukaa chini, kistari katikati, apostrofi juu. Akizifuatanisha hivi (,-'), anapata mkunjo laini wa bega ndani ya mstari mmoja. Kazi ndogo za msanii Joan Stark, aliyezitia saini jgs katika miaka ya 1990, ni shule nzuri ya jambo hili.

Angalia pia mandharinyuma. Picha ya vivuli iliyotengenezwa kwa karatasi nyeupe hugeuka negativu kwenye skrini nyeusi, kwa sababu @ iliyokuwa giza sasa ndiyo inayong'aa. Msanii makini huchagua uwanja wake mapema na kuutaja.

Mwisho, jaribu kuondoa alama moja moja. Picha isipopungukiwa na chochote, alama hizo zilikuwa za kujaza nafasi. Kati ya picha kubwa iliyomwagwa na programu na ndogo yenye mistari kumi ambayo kila alama yake imechaguliwa, mimi naipa ushindi ile ndogo. Nawe ukiipenda na kuisambaza, usifute herufi za jina la msanii zilizo pembeni: hiyo ndiyo saini yake.