Usiangalie Rangi: Namna ya Kukagua Landa Iliyofufuliwa

Hapa Bigwa, Morogoro, karibu na njia panda ya Kisaki, kuna Landa, yaani Land Rover, ya mia na tisa inayosifiwa na kila mpita njia. Imepakwa rangi nyekundu inayowaka, imevishwa rimu za kisasa, viti vimeshonewa ngozi ya bandia, na vijana wanasubiriana kupiga nayo picha. Wanasema imekuwa mpya. Mimi nimeinama chini yake. Ukuta wa injini umejazwa puti, autriga mbili zimechomelewa kwa vipande vya nondo, na bolti za bodi zimeokotwa huku na huku, hakuna mbili zinazofanana. Ipakie ndizi Kinole kwa masika moja tu, uone itarudije. Wala aliyeitengeneza simlaumu sana, alilipwa apake rangi akapaka. Kinachoniuma ni sifa. Kijana aliyelala chini ya chesisi mwezi mzima na brashi ya waya anasikia mwenzake wa rangi anaitwa bingwa, na kesho naye atanunua kompresa ya kupulizia rangi.

Sababu ya magari haya ya zamani kurudi barabarani inajulikana. Dola iliadimika mwaka 2023, na waliokuwa wakiagiza Noah na IST kutoka Japani wakapiga hesabu upya: bei ya gari, meli, ushuru, na juu yake ushuru wa uchakavu. Lililolala chini ya mwembe tangu enzi za marehemu baba lilishalipiwa kila kitu. Basi kuku wakafukuzwa ndani, yakavutwa nje: Landa za Series III, Peugeot 504 za pikapu, Datsun 120Y, hata Bedford. Kwa mafuta yaliyovuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, magari ya dizeli ndiyo yanayoamshwa kwanza. Kisha likaja tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, lililolenga kuvunja rekodi ya Ujerumani ya msafara wa magari 632. Tangu siku hiyo kila mwenye simu amekuwa mkaguzi wa Landa.

Nitasema juu ya Landa tu. Peugeot haina chesisi ya kujitegemea, ina sheria zake, na Datsun iliyooza sakafu ni ya kukatwa spea.

Mnunuzi wa kawaida huja na sumaku mfukoni. Ameambiwa kwamba palipo na puti sumaku haishiki, akatosheka na elimu hiyo. Kwenye Corolla ushauri huo ni sahihi. Kwenye Landa unapotosha, kwa sababu bodi yake ni alumini na sumaku haishiki penye uzima wala penye ubovu. Waingereza walipoitoa mwaka 1948 chuma kilikuwa bado kinagawiwa kwa kibali baada ya vita, alumini ilikuwepo, wakaitumia. Gari lenyewe ni mtoto wa uhaba. Muuzaji mmoja wa mjini aliielewa vizuri imani ya sumaku. Alitoa mabawa ya mbele yaliyokwisha, akakunja mengine kwa bati la chuma, akapaka rangi. Mteja wake kutoka Turiani alizunguka gari na sumaku yake, kila alipogusa mbele ikanata, akafurahi, akalipa bei iliyotajwa bila kuomba apunguziwe. Kabla ya mwaka kwisha kutu ilikuwa imetoboa juu ya matairi.

Kitu cha kutafuta ni unga mweupe.

Chesisi ni chuma, ukuta wa injini ni chuma, fremu za milango ni chuma, na ngozi iliyozivaa fremu hizo ni alumini. Madini hayo mawili yakigusana na maji yakakaa katikati, moja humla mwenzake, na anayeliwa ni alumini. Hailiwi kwa kutu nyekundu ambayo kila mtu anaijua na kuiogopa. Inageuka unga mweupe, mkavu, mwepesi, unaofanana na chokaa ya ukutani. Unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, kwa hiyo ngozi ya mlango inavimba taratibu kutoka ndani, rangi inapasuka, na mwenye gari anapaka nyingine. Masika yanayofuata uvimbe umerudi palepale. Ndiyo maana Landa za upande huu wa Uluguru, zinazonyeshewa Kiroka asubuhi na kukaushwa na jua Mvuha mchana, huonyesha tabia ya fundi mapema kuliko za Dodoma.

Tafuta sehemu nne. Ukingo wa chini wa mlango, kwa ndani, pale alumini inapokunjwa kuikumbatia fremu: pitisha ukucha kutoka bawaba hadi kitasa. Ukingo mzima ni mwembamba na mnyoofu mwanzo hadi mwisho. Ukisikia umenenepa, hapo pana puti. Kisha inua zulia, angalia sakafu inapofungwa kwenye ukuta wa injini. Kisha ingia chini, nyuma kabisa, pale karai la mizigo linapokalia boriti ya mwisho ya chesisi. Watu wengi hawafiki huko kwa sababu ya kuogopa kuchafua shati. Mwisho, kila kichwa cha bolti kinachopita kwenye alumini. Duara jeupe kuzunguka bolti maana yake ni kwamba chuma kimekutanishwa na alumini bila kitu katikati. Bolti moja yenye duara hilo inatosha kukuambia jinsi zile usizoziona zilivyofungwa.

Ukikuta tope limetandazwa sawasawa chini ya gari lote, ondoka. Tope la barabarani hurushwa na matairi, lina mahali pake. Hilo jingine limepakwa kwa mkono kuficha kitu.

Mzee mmoja mstaafu wa karakana ya reli hapa Morogoro, ambaye wengi wetu tulijifunza kwa kumtazama, alikuwa akikata mipira ya tyubu za lori kuwa vipande, akiloweka kila kimoja kwenye grisi, na kukiweka kila mahali alumini inapokalia chuma. Pande zote mbili alizipaka redoksaidi kwanza, akazisubiri zikauke kabisa. Chini ya kila bolti aliweka washa ya mpira aliyoikata mwenyewe kwa patasi ya duara. Akimaliza hakukabidhi gari. Aliliacha uani linyeshewe mvua kubwa, kisha akafungua bolti moja ya karai na kugusa kipande cha mpira kwa kidole. Kama kilikuwa na maji, alifungua zote. Wenye magari walimlalamikia sana kwa kuwachelewesha, na baadhi ya Landa alizozifunga bado zinapanda Kinole na bodi zilezile.

Alijifunza hayo katika dhiki ya kweli. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni hazikuwepo, spea hazikuingia, na magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili alasiri. Fundi aligonga gasketi kwa nyundo juu ya silinda bloku hadi umbo likajikata lenyewe. Alijua kwamba bolti akiivunja leo hana nyingine ya kesho, kwa hiyo hakuivunja. Siku hizi bolti zinauzwa kwa kilo, na zinafungwa kana kwamba zimeokotwa.

Mengine nayataja upesi. Injini: dizeli ya cc 2,286, na afadhali iliyotengenezwa kuanzia 1980, yenye shafti ya beringi tano. Ya beringi tatu ikigonga usiinunue hata kwa bei ya bure. Waliopachika injini ya Hilux wanasema ni nyepesi na spea zake zimejaa, na ni kweli, lakini hiyo si Landa tena na isiuzwe kwa jina hilo. Magurudumu ya mbele: tufe la chromu liwe safi, bila mashimo, vinginevyo sili mpya utakayoweka inavuja kabla hujafika Mkuyuni. Breki ni za ngoma zote nne. Shuka mlima nalo, mwenye gari awe usukanini, umsikilize anashuka kwa gia gani. Anayeshuka kwa breki amekwisha kuziunguza. Springi ziwe za majani yake yote, na mlango ufungwe kwa mlio mzito. Rangi ni kijani kile cha zamani au kijivu. Nyekundu ni ya gari la zimamoto.

Halafu kadi ya gari. Namba ya chesisi ya Series III imegongwa kwenye chesisi yenyewe, mbele, upande wa kulia, kwenye bano la springi. Chukua brashi ya waya na kitambaa chenye dizeli, safisha hapo mwenyewe, usikubali kusafishiwa. Soma tarakimu moja moja ukilinganisha na kadi. Kama pamesagwa na grainda, au pamechomelewa kipande kipya na namba haipo, unachouziwa ni bodi ya gari moja juu ya chesisi ya jingine, na bei yake ni ya spea. Lile jekundu la njia panda nimelisafisha hapo nikiwa na mwenyewe. Puti imefika hadi kwenye bano.