Kisasili si Uongo: Istilahi Zetu na Riwaya Zinazohoji Usasa

Wako wafasiri na walimu ambao bado huieleza istilahi "kisasili" kuwa ni hadithi ya uongo ya watu wa kale. Fasili hiyo ina kasoro, nayo hudhihirika ipimwapo kwa riwaya za Kiswahili zilizotoka tangu 1990.

Tutazame Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi. Katika Nagona msimulizi hukutana na wanafikra wa Ulaya, miongoni mwao Nietzsche na Marx, wala hapati kwao jibu la mwisho. Mzingile hutuonyesha dunia baada ya maangamizi makubwa. Hapa kisasili, yaani masimulizi juu ya asili ya ulimwengu na maana ya kuishi, ndicho chombo cha kuihoji sayansi na falsafa. Tukikiita uongo, tumekwisha kumhukumu mwandishi kabla ya kumsikiliza. Hata jina "mzingile" ni la kusifiwa: mwandishi hakukopa neno la kigeni, bali aliazima la wahenga lenye fumbo ndani yake. Hata hivyo, ufupi wa Nagona humwacha gizani msomaji asiyewajua wanafikra hao.

Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed ni mfano wa namna nyingine. Mzuka wa babu humrudia K, mtu mwenye cheo, na kumsaili. Wanaoiita riwaya hii kisasili hukosea, kwani mzuka ni mbinu tu. Kinachosailiwa ni historia: ahadi za uhuru na walivyozitenda waliokabidhiwa. Kuiita kisasili ni kumpa K mahali pa kujificha.

Kwa hiyo yafaa tutenganishe: kisasili ni cha asili, kisakale ni cha shujaa kama Fumo Liyongo, historia ni ya matukio yenye ushahidi.

Limebaki neno "usasa". Katika barua za ofisini, "mbinu za kisasa" ni sifa tupu. Mwanafunzi aliyezoea maana hiyo peke yake hatatambua kwamba mwandishi anahoji, na atadhani analilia ya kale. Tunashauri "usasa" litaje hali ya zama hizi bila kuisifu wala kuilaani. Pale inapokusudiwa dhana kwamba kila kipya ni bora, mfasiri aiseme waziwazi, kwa kuwa dhana hiyo ndiyo inayoshtakiwa.