Namna ya Kuikagua Lipu ya Chokaa, Ukutani na Barazani

Mgeni akiingia katika nyumba ya kale ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, macho humkimbilia mlango wa nakshi, kisha vidaka, kisha boriti za mkoko juu ya kichwa chake. Lipu iliyovizunguka vyote hivyo haimshughulishi, labda iwe imeanza kubanduka. Wajuzi wa nyumba za pwani huanzia hapo hapo kwenye lipu, kwa kuwa ndiyo kazi inayomtenga mwashi hodari na mpaka rangi wa kawaida.

Taabu ya kuihukumu ni kwamba siku fundi anapokabidhi kazi, lipu njema na lipu mbovu zote ni nyeupe na zote zinapendeza. Tofauti huja kujionyesha baada ya masika. Kwa hiyo anayekarabati chumba cha nyumba ya mawe, au anayejenga baraza jipya mbele ya nyumba yake, hana budi kujua dalili za mapema.

Swali la kwanza huulizwa kabla hata ya mwiko kushikwa: ndani ya karai mna nini? Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na unene wake mara nyingi hufika nusu mita. Ni kuta zinazokunywa maji. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukibeba chumvi, na chokaa, kwa kuwa ina vinyweleo, huuachia utoke. Saruji huuzuia. Chumvi ikajikusanya nyuma yake, ikaganda, ikasukuma, mpaka siku moja lipu ikaanguka vipande vizima, kila kipande kimebeba uso wa jiwe mgongoni. Fundi anayependekeza saruji juu ya ukuta wa matumbawe “ili ishike upesi” ameshajibu maswali yote yaliyobaki.

Chokaa yenyewe ina safari ndefu. Mawe ya matumbawe huchomwa kwenye tanuu, na joto likifika nyuzi 900 hivi, jiwe hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa hai, nyepesi na yenye kiu kali. Ikimwagiwa maji hutokota kwa kishindo. Huko ndiko kuizima. Ikishapakwa ukutani, huivuta tena ile hewa kidogo kidogo na kurudi kuwa jiwe. Jambo hilo huchukua wiki na miezi, ndiyo maana ukuta uliokauka si lazima uwe umeiva.

Chokaa iliyozimwa inataka kulazwa chini ya maji kwa muda mrefu, na hapa ndipo mafundi wenye haraka wanapoharibu. Iliyolala vya kutosha hung'ang'ania mwiko kama samli iliyoganda, na ukiisugua kati ya vidole hutahisi punje yoyote. Isiyolala hulipiza kisasi baadaye. Wiki kadhaa baada ya kazi kwisha, ukutani hutokea vishimo vidogo mfano wa makovu ya ndui, na ukitazama kwa karibu utaona katika kila kishimo kitone cheupe. Kitone hicho ni punje ya chokaa iliyokuwa bado hai. Imekutana na unyevu ikiwa tayari ukutani, ikavimba, ikaipasua lipu iliyoifunika. Vishimo hivyo huendelea kuchomoza kwa miezi, na hakuna rangi inayovitibu.

Mchanga nao una habari yake. Wa ufukweni una chumvi, na fundi wa zamani huonja kidogo kwa ncha ya ulimi bila kuona haya. Unaofaa ni ule wenye punje kali za ukubwa tofauti. Tia konzi moja katika gilasi ya maji, koroga, uache utulie: tabaka la tope likiwa nene juu ya mchanga, lori lililouleta lirudi lilikotoka. Kipimo cha kawaida ni chokaa moja kwa mchanga tatu.

Kisha inakuja subira ya mkono. Lipu nzuri hupigwa kwa matabaka, kila tabaka lisizidi sentimita moja hivi, na la chini huachwa lishike kabla ya la juu. Jua la saa sita ni adui yake mkubwa. Waashi wenye uangalifu hufunika kazi kwa magunia yaliyoloweshwa na kuinyunyizia maji kwa siku kadhaa. Ukiona mtandao wa nyufa nyembamba zilizosambaa kama mistari ya gamba la kobe, jua kwamba ukuta huo ulikaushwa kwa pupa.

Ukaguzi wenyewe ufanywe usiku. Mchana mwanga hutoka kila upande na kuficha makosa. Usiku, laza tochi sambamba na ukuta, na kila kasoro itatupa kivuli. Mawimbi mapole si kosa. Hiyo ni alama ya mkono wa mtu, na nyumba za kale zinapendeza kwa ajili yake. Kosa ni kingo kali pale kazi ya jana ilipoishia na ya leo ikaanzia. Tochi ikishamaliza ukuta, iingizwe vidakani. Kwenye pembe ya ndani ya kidaka mwiko hauingii, na fundi hulazimika kutumia kijiti au kidole. Pembe hiyo ikiwa safi, ukuta uliobaki hauhitaji wasiwasi mwingi.

Baada ya hapo gonga kwa kifundo cha kidole, kuanzia chini kwenda juu. Lipu iliyoshika hutoa mlio mzito. Iliyoachana na jiwe hulia kama debe tupu. Pitisha kiganja: vumbi jepesi linavumilika kwa kazi changa, lakini baada ya miezi mitatu mkono haufai kutoka mweupe.

Anayetaka ushahidi wa muda ambao kazi nzuri huweza kukaa aende Songo Mnara, au Takwa katika kisiwa cha Manda. Miji hiyo ilihamwa karne kadhaa zilizopita na mapaa yake yameanguka, lakini juu ya mabaki ya lipu bado zinaonekana picha za vyombo vya matanga zilizokwaruzwa.

Barazani mtihani ni mgumu zaidi, kwa sababu hapo lipu inapigwa na mvua, inasuguliwa na migongo, na inabeba meza ya bao na birika la kahawa. Kwanza, mwinamo. Mwaga kikombe cha maji karibu na ukuta: yanapaswa kuteremka kuelekea nje bila kutuama. Pili, ukingo wa mbele uwe wa mviringo, maana ukingo mkali ndio unaomeguka wa kwanza. Tatu, na hili ndilo linalosahaulika, tazama mahali baraza linapokutana na ukuta. Baraza na nyumba havitui kwa mwendo mmoja, hivyo ufa hupenda kufunguka hapo, na maji huingia kwa siri. Fundi mzuri huijaza pembe hiyo na kuipinda kama kiganja kilichokunjwa nusu.

Nyumba ya matofali ya saruji ina masharti yake. Chokaa hukubali kushika juu ya matofali yaliyokwaruzwa na kuloweshwa, ila si juu ya rangi ya plastiki. Rangi hiyo ibanduliwe yote kwanza. Bafuni, ukutani panaporushiwa maji kila siku, saruji na vigae vinafaa zaidi.

Yote hayo yaingizwe katika mapatano tangu mwanzo, pamoja na sehemu ya ujira itakayobaki mpaka masika yapite. Mvua ikishakatika, fundi na mwenye nyumba watembee pamoja asubuhi: waangalie ni sehemu gani ya ukuta imekauka mwisho, wapige magoti kwenye ile pembe ya baraza, na wapitishe ukucha kwenye mshono wake.