Kilio pasipo faraja ya haraka
(Juu ya mchezo « Sur les traces de Dinozord »)

Padri mwenye kuzika watu wengi aweza kusahau kulia pamoja nao. Kwa sababu hiyo mchezo wa Faustin Linyekula, mwenye kuongoza Studios Kabako hapa Kisangani, wastahili kupimwa na sisi.

Habari yake ni hii. Mtu arudi Kisangani kumlilia rafiki yake Kabako, mwandishi aliyeuawa na tauni. Atafuta wenzake wa ujana, akuta jamaa yao imetawanyika. Mmoja wao, Antoine Vumilia Muhindo, alifungwa Makala, Kinshasa. Mchezo ulionyeshwa kwanza Vienna mwaka 2006, kwa jina « Dinozord », katika sikukuu ya miaka 250 tangu kuzaliwa kwake Mozart. Ulipotengenezwa upya mwaka 2012, Vumilia alikwisha kupata kimbilio Uswidi, akapanda jukwaani mwenyewe.

Ndani ya mchezo husikika Requiem ya Mozart na sauti za kwaya ya Charles Lwanga ya Kisangani. Mtu atauliza: je, Misa ya wafu yafaa kwa wachezaji? Swali hilo si la bure. Requiem ni sala, nayo husemwa kwa Mungu. Jukwaani yasemwa kwa watazamaji. Hapo naona upungufu: sauti ya Serge Kakudji yapanda juu sana, lakini hatujui yamwendea nani.

Hata hivyo tusihukumu upesi. Mozart alikufa mwaka 1791 pasipo kumaliza Requiem yake, wengine waliimaliza. Vivyo hivyo maneno ya Kabako yalibaki bila mwenyewe, na rafiki zake wayabeba. Hiyo ni kazi ya huruma, hata asiyeamini akiifanya.

Tena mchezo huu haufariji kwa haraka, na hiyo ndiyo nguvu yake. Mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini mwetu siku sita. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa. Nani aliwalilia mmoja mmoja, kwa jina? Mchezo wamchukua mfu mmoja tu, wakataa kumwacha aingie katika hesabu. Bwana wetu naye alijua kwamba atamfufua Lazaro, lakini kwanza alilia.

Basi, Linyekula hatufundishi ufufuko. Hiyo ni kazi yetu. Lakini atukumbusha kwamba mwenye kuruka machozi ili afike upesi kwenye ufufuko hasadikiwi na wafiwa. Wewe katekista, nawe frateri, ukiitwa matangani, usianze na hotuba. Keti chini pamoja nao. Uliza jina la marehemu, uliza alipenda nini. Kiisha fungua kitabu cha sala. Hapo watajua sala hiyo yamwendea nani, na kwa ajili ya nani.