Tumbako ya manukato na tumbako ya kamba: tuhukumu kwa kuonja

Siku hizi, katika mahari na matanga hapa Lubumbashi, tunaona vijana wakiwaletea wazee pakiti ya tumbako ya kiko kutoka Ulaya, ile yenye kunukia vanila ao matunda, pahali pa kamba ya tumbako ya mukini. Wanasema: « Hii njo ya heshima, ile ya zamani inanuka. » Maneno hayo ni hukumu, na hukumu haifai kukubaliwa wala kukataliwa bila kuonja.

Kwa hiyo tuliomba wazee wanne, wavutaji wa kiko tangu miaka mingi, waonje pamoja nasi tumbako tatu: moja ya vanila, moja yenye harufu ya serizi, lile tunda dogo jekundu la Ulaya, na ya tatu ya kamba, iliyolimwa na kukaushwa mukini. Majina ya viwanda hatutayataja, maana shabaha yetu si kumuuzia mtu wala kumharibia soko.

Kwanza tufahamu ginsi ile harufu inavyoingia. Jani la tumbako halizai vanila. Mara nyingi viwanda vinachagua jani liitwalo Burley, linalokaushwa kwa hewa. Hilo liko na sukari kidogo sana, tena linakunywa haraka kila maji ya utamu unayolipa. Wanalilowesha katika sukari, asali ao kakao, kisha wanalipasha mvuke na kuligandamiza mpaka linakuwa jeusi na laini. Mwishoni wananyunyiza manukato, tena wanatia dawa ya kushika majimaji ili tumbako isikauke pakitini.

Sasa tuonje. Ya vanila, ukifungua pakiti tu, nyumba nzima inafurahi. Jirani alikuja kuuliza nani anapika keki. Lakini mdomoni? Mzee moja alivuta mara tano, akasema: « Harufu iko, tumbako haiko. » Hatukupata neno la kupita hilo. Harufu inamwendea yule anayekaa pembeni. Mvutaji mwenyewe anabaki na moshi mwepesi unaochoma ulimi, juu majimaji yanageuka mvuke wa moto. Ya serizi ilikuwa mbaya zaidi: ilizimika kila mara, na ndani ya kiko mukabaki maji machungu.

Hata hivyo haki ni haki. Ile ya vanila haikwaruzi koo, na mama wa nyumba hakulalamika. Kwa mtu anayeketi na wageni, hilo si jambo dogo.

Tumbako ya kamba iko na harufu kali, ya moshi wa jikoni na udongo, tena inapiga kifua. Lakini ladha yake inatembea: mwanzo chungu, katikati inatulia, mwisho inaacha kitu kama utamu wa mti. Tuliivuta katika mutopa, kile kiko cha kibuyu cha Wachokwe ambamo moshi unapita majini kabla ya kufika mdomoni. Ukali ulishuka kabisa. Kumbe jani na kibuyu viliandaliwa pamoja. Kulivuta jani hilo katika kiko kidogo cha mti wa Ulaya na kisha kulilaumu ni sawa na kula bukari kwa uma na kulaumu bukari.

Na kosa la kamba yetu pia tuliseme. Katikati ilikuwa na kuvu, juu aliyeisokota aliifunga ingali mbichi. Wazee walitupa kipande hicho bila huruma. Kazi mbaya haigeuki nzuri eti kwa sababu ni ya mababu.

Lakini lile neno « inanuka » turudi kulipima. Kuna tumbako iitwayo Latakia, jina la bandari ya Siria, ambayo leo inatoka hasa Cyprus: jani lake wanalitundika juu ya moto wa kuni mpaka linajaa moshi. Wavutaji wa Ulaya wanailipa bei nzuri juu ya harufu ile ile ya moshi ambayo vijana wetu wanaionea haya. Na Wabeleji wenyewe, kwenye bonde la mto Semois, wanalima tangu karne ya 19 tumbako nyeusi inayokaushwa kwa hewa, na inasifiwa kwa sababu haitiwi manukato.

Mwingine atasema: tumbako si ya kwetu. Ni kweli. Mmea ulitoka Amerika, Wareno wakaufikisha kwenye pwani za Afrika. Lakini mababu hawakupokea tu. Walijifunza kulikausha jani, walitengeneza kibuyu chake, walichonga vinu vidogo vyenye sura za watu kwa tumbako ya kunusa, na waliweka kanuni ya nani anawasha kwanza. Kazi hiyo njo tunaita desturi. Anayeleta pakiti amenunua, hajaongeza kitu.

Tusidanganyane: tamu ao chungu, tumbako inaua, na nchi yetu iliridhia mwaka wa 2005 Mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya kuizuia. Hapo sisi walimu tuna neno zaidi. Jani chungu linamfukuza mtoto lenyewe. Akijaribu, anakohoa na kuacha. Vanila inamwita. Wajukuu wawili waliinusa pakiti yetu na kuomba kuilamba. Kwa kamba hakuna aliyesogea.

Kwa hiyo tunashauri: katika mahari, kama familia inaomba tumbako, iletwe kamba moja iliyokauka vizuri, ikatwe mbele ya wazee, kila mmoja apate kipande chake hata kama havuti tena. Pakiti ibaki dukani. Na kama katika jamaa hakuna tena anayejua kukausha na kusokota, basi shirika letu litume watu mukini wakaandike kazi hiyo kutoka kwa wale wachache wanaoijua, wakingali hai.