Wenye Magari Huandika, Abiria Huita

Ninaye kaka yangu mmoja, mwalimu wa fasihi, ambaye kila tukikutana hunihimiza niandike juu ya maandishi ya daladala za Dar es Salaam. Husema kwamba hayo ndiyo mashairi ya watu wa mjini, na kwamba anayetaka kujua mkazi wa jiji hili anafikiri nini asisumbuke kununua vitabu. Asimame kituoni saa moja asubuhi, asome vioo vya nyuma vya magari. Kwa miaka mingi nilimkubalia. Leo nataka kumpinga, japo kwa heshima, kwani ni mkubwa wangu.

Maandishi yenyewe msomaji unayafahamu. Riziki Mafungu Saba. Mungu Hamtupi Mja Wake. Wenye Wivu Wajinyonge. Mengine ni majina ya timu za mpira za Uingereza, na mengine ni jina la mtoto wa tajiri. Sikatai kwamba yapo yanayopendeza. Watu huyafananisha na maandishi ya kanga, na kweli ni ndugu, lakini hapo hasa ndipo upungufu wake unapoonekana. Kanga ina anayesema na anayeambiwa. Mwanamke huichagua dukani, akaivaa siku anayotaka, ili jirani fulani aisome akanuna. Daladala nayo inamsemesha nani? Tajiri au dereva anawasemesha matajiri na madereva wenziwe, juu ya wivu wao na riziki yao. Abiria hata hayasomi akishapanda, maana yameandikwa nje. Ndani kuna maandishi mengine kabisa: lipa nauli mapema, usitoe kichwa dirishani. Fasihi imebaki kwenye kioo cha nyuma, na sisi tumebakiziwa amri.

Basi kama abiria wa Dar es Salaam wana fasihi yao, iko wapi? Naona iko katika majina waliyoyabatiza magari.

Katika miaka ya 1970, shirika la umma la UDA, lililoundwa mwaka 1974, lilipokuwa halitoshi, watu binafsi walipakia abiria kwa magari madogo yaliyowekwa mabenchi mawili, watu wakakaa wakitazamana goti kwa goti. Hakuna mwenye gari aliyeandika popote, lakini mji mzima uliyaita chai maharage, kwa kuwa mliketi humo kama mlio mezani kwa mama ntilie. Yalikuja mabasi marefu ya Ikarus ya UDA, yenye kiungo katikati, yakimeza kituo kizima, yakaitwa kumbakumba. Mwaka 1983 serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi, abiria waliyaita kwa bei: dala lilikuwa jina la mitaani la sarafu ya shilingi tano, na makondakta waliitangaza nauli hiyo kwa sauti hata gari likawa daladala. Halafu zikaja Hiace, zikapenya penye foleni ambapo basi halipiti, zikaitwa vipanya.

Yapime majina hayo. Kila moja ni uhakiki kamili kwa neno moja au mawili. Chai maharage linasema jinsi ulivyoketi, kumbakumba jinsi ulivyobebwa, daladala ulichotozwa, kipanya gari lenyewe lilivyokuwa na tabia yake. Hakuna anayejisifu humo, wala hakuna anayemtakia mwenziwe kujinyonga. Kaka yangu anionyeshe kioo kimoja cha nyuma kilichosema mengi hivyo kwa maneno machache hivyo.

Lakini kuna jina ambalo siwezi kulisifu, nalo nililibeba mwenyewe. Katika miaka ya 1990 nilikuwa nikikaa Kimara na kusoma mjini. Asubuhi mjomba wangu, mtu mzima na kazi yake, alikuwa akipanda gari linalotoka mjini, akilipa nauli ya bure hadi mwisho wa ruti, ili ageuze nalo akiwa tayari amekaa. Mimi sikuwa na fedha za kugeuza na gari. Nilisimama kituoni na wenzangu, sare zetu zikitutangaza toka mbali, na kondakta akining'inia mlangoni alipiga kelele: denti mmoja tu! Wakati mwingine: madenti hapana! Gari likapunguza mwendo, likawachukua watu wazima, likaondoka na sisi tukilikimbilia.

Sikuwa nikijua sababu wakati ule. Nilidhani ni roho mbaya. Baadaye nilielezwa. Dereva na kondakta hawakuwa na mshahara. Jioni walitakiwa kumpelekea tajiri hesabu, kiasi kilichopangwa, wajaze na mafuta. Kilichobaki ndicho chao. Nafasi aliyosimama mwanafunzi akishika bomba ililipa sehemu tu ya nauli ya mtu mzima, na tofauti hiyo ilitoka katika mfuko wao, si wa tajiri wala wa serikali iliyopanga nauli. Ndiyo maana jioni walikatisha ruti, wakawashusha watu Ubungo na kurudi mjini kuchukua wengine. Nimewaelewa. Hata hivyo nilichelewa mtihani mmoja kwa ajili ya hesabu hiyo, na kuelewa kwangu hakukunirudishia saa ile.

Sisi nasi tulikuwa na jina letu. Gari lililotupita limejaa, linapiga honi, tuliliita harusi, kwa sababu hatukualikwa. Jina hilo halikuvuka kituo chetu, na sijapata kulisikia kwa mwingine. Kwangu ndilo bora kuliko yote niliyoyataja, ingawa nakubali kwamba hapa mimi si mhakiki wa kuaminika.

Mwezi Mei 2016 yalianza mabasi ya njia maalumu, katikati ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Jina lake la serikali ni Mabasi Yaendayo Haraka. Abiria wakayaita mwendokasi, na safari hii lilikuwa jina la sifa, maana mwanzoni mtu alitoka Kimara akafika mjini huku magari ya pembeni yamesimama kwenye foleni. Leo neno ni lile lile, ila sikiliza linavyotamkwa na mtu aliyekaa kituoni muda mrefu, au siku Mto Msimbazi umefurika pale Jangwani na njia imefungwa. Wameligeuza kejeli bila kubadili hata herufi moja. Kwenye vioo vya mabasi hayo hakuna Riziki wala Wivu, na sioni kwamba tumepungukiwa.

Mpwa wangu anasoma mjini kama nilivyosoma mimi, na hupandia Kimara. Ana nauli yake ya mwanafunzi, hulipa dirishani, na hakuna anayening'inia mlangoni kumwita denti. Hilo ni jambo kubwa, na wanaoyalaumu mabasi hayo kila siku walikumbuke. Husukumwa mlangoni, ni kweli, lakini husukumwa sawa na watu wazima. Juzi nilimsindikiza. Mabasi mawili yalikuja yamejaa, milango ikafunguka, hakuna aliyeweza kuingia, yakaondoka. Nikamweleza habari ya harusi, akacheka sana. Nikamwuliza wao huyaitaje yanayowaacha. Akafikiri, akatikisa kichwa.

"Hatuyaiti, mjomba," akasema. "Tunasubiri linalofuata."